Mayai yako au ya mchangiaji: mambo ya kujua kabla ya kuamua

Swali hili watu hutuuliza kwa sauti ya chini, mlango ukishafungwa: "Daktari anasema nitumie mayai ya mwanamke mwingine. Mtoto atakuwa wangu kweli?" Kwetu sisi, ambako mwanamke huitwa Mama Fulani kwa jina la mtoto wake, si swali dogo. Na wengi wetu miaka ya uzazi ilipita tukiwa njiani na kambini.

Kwa nini daktari anasema hivyo

Mwanamke huzaliwa na mayai yake yote, hayaongezeki. Umri ukipanda, mayai hupungua na ubora wake hushuka, lakini mfuko wa uzazi bado unaweza kubeba mimba. Katika IVF, yaani kurutubisha yai nje ya mwili, mwanamke wa chini ya miaka 35 anayetumia mayai yake hupata mtoto karibu mara 1 kwa kila viinitete 3 vinavyopandikizwa. Akiwa na miaka 43 au 44, ni karibu mara 1 kwa 20. Kwa mayai ya mchangiaji kijana, hurudi karibu mara 1 kwa 3, kwa sababu kinachohesabika ni umri wa yai.

Ukiambiwa kipimo chako cha AMH kiko chini, fahamu kwamba kinaonyesha wingi wa mayai, si ubora. Muulize daktari: "Kwa umri wangu na vipimo vyangu, nafasi yangu ni ngapi kwa mayai yangu, na ngapi kwa ya mchangiaji?" Uliza pia kuhusu hatari: mimba ya yai la mchangiaji huleta shinikizo la damu mara nyingi zaidi, kwa hiyo hufuatiliwa kwa karibu.

Sheria inasemaje

Hapa Uingereza, mwanamke anayebeba mimba na kuzaa ndiye mama kisheria. Jina lake ndilo linaloandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa. Mchangiaji aliyepitia kliniki yenye leseni hana haki wala wajibu juu ya mtoto.

Lakini siri haina ulinzi. Kwa watu waliochangia baada ya tarehe 1 Aprili 2005, mtoto akifika miaka 18 anaweza kuomba jina la mchangiaji kutoka HFEA, mamlaka inayosimamia kliniki hizi. Kwa hiyo swali la kujadili na mume wako mapema ni hili: tutamwambia nini mtoto, na lini? Ni afadhali alisikie kwenu tangu mdogo kuliko kuligundua mwenyewe ukubwani.

Dini na ukoo

Wanazuoni wengi wa Kisunni huruhusu IVF kwa yai la mke na mbegu ya mume, ila hawaruhusu mtu wa tatu. Kanisa Katoliki halikubali IVF kabisa. Madhehebu mengine yana misimamo tofauti. Zungumza na kiongozi unayemwamini kabla ya kusaini, ili moyo usikusute baadaye.

Dada yako anaweza kukuchangia. Kwa desturi zetu mtoto wa dada tayari ni mtoto wako, na wengine hili huwapa amani. Lakini kaeni pamoja kwanza na mshauri nasaha, mkubaliane nani ataitwa mama na nani mama mdogo.

Gharama na kungoja

Anza kwa daktari wako wa GP. Kila eneo la NHS lina masharti yake ya umri, na maeneo mengi hukataa kulipia ikiwa mmoja wenu tayari ana mtoto. Kliniki ya kulipia hugharimu maelfu ya pauni kwa kila jaribio. Dai bei yote kwa maandishi, pamoja na dawa. Wachangiaji weusi ni wachache, hivyo uliza mapema utangoja muda gani.

Linda faragha yako

NHS hutoa mkalimani bila malipo. Usimpeleke wifi, shemeji wala mtoto wako akutafsirie. Kama unaogopa kwamba mkalimani anajulikana katika jamii, omba wa simu kutoka mji mwingine. Kliniki pia inapaswa kukupa nafasi ya kuonana na mshauri nasaha kabla ya kutumia mayai ya mchangiaji. Itumie hata kama umeshaamua.

Kujaribu kwa mayai yako ukijua nafasi ni ndogo si ujinga. Kukubali ya mchangiaji si kushindwa. Kuacha matibabu pia ni uamuzi. Usikubali mama mkwe akuamulie, wala kliniki ikuharakishe. Ukitaka tukusindikize kwenye miadi au tukusomee fomu, mwambie mhudumu wako. Hatutamwambia mtu.