Anxiety Si Jini, Buda

Maze, kama hujacheki Inside Out 2, ulikuwa umelala wapi? Mtaa mzima ulilia. Hata wale maboi wa kukunja sura pale base.

Shika rada. Pixar wakidrop part one 2015, hawakutoa story kwa hewa. Director, Pete Docter, alienda kuchota kwa wasomi wa saikolojia: Dacher Keltner na Paul Ekman. Huyu Ekman alijenga jina akisoma vile hasira, woga na huzuni zinajichora kwa sura. Ndio kichwa ya Riley, yule dem mdogo wa hiyo movie, ikapata mbogi ya watano: Joy, Sadness, Anger, Fear na Disgust.

Kwa script ya mwanzo, Joy alikuwa anapotea na Fear. Docter akaona story haishiki. Akamtoa Fear, akaingiza Sadness. Hapo ndio movie ikawaka, juu Riley hakutulizwa na vicheko. Alitulia siku alilia mbele ya wazae wake.

Part two, 2024. Riley ana 13, Anxiety anaingia keja na mabegi yake bila kuuliza. Sasa cheki ile scene ya penalty box kwa game ya hockey. Moyo unadunda, pumzi imekwama, Anxiety anazunguka console, ile ya kuendesha kichwa ya Riley, mbio mpaka humuoni. Hakuna mtu anamshow Riley "jikaze". Anagusa mbao ya bench. Jua linampiga. Pumzi inarudi pole pole. Hiyo ni panic attack, imechorwa fiti kinoma.

Wazae watakushow hizo ni stress za wazungu, kunywa maji ulale. Na ni wao hao hukaa kwa gari saa nzima, engine imezimwa, wakiogopa kuingia kwa nyumba. Anxiety anawaendesha, na bado wanakataa hayuko!

Lakini si kila movie inakupanga. Split ya 2016: James McAvoy amebeba watu 23 kwa kichwa, wa 24 ni mnyama wa kukula wasee. Acting moto, saikolojia bure kabisa. Msee ako na hiyo condition ya watu wengi kwa kichwa moja mara mob aliumizwa akiwa mtoi. Hawindi mtu. Ukitoka hapo uite beshte yako psycho, huo ni ushamba wa 1960, mwaka Hitchcock alitoa movie yake, Psycho.

Na bei ya kucheki movie kwa cinema? Tiketi, soda, popcorn, thao imekatika kabla trailer iishe. Mahindi, buda! Mahindi! Therapist wa private naye anataka mathao kwa saa moja.

So form ni hii. Laptop moja, mbogi yote, mahindi tunapika wenyewe kwa sufuria. Movie ikiisha, simu chini, kila msee aseme nani ameshika console yake hii wiki. Akisema ni Anxiety, hakuna kucheka. Akizidiwa, 1199 ya Red Cross ni bure. Piga na yeye.