Joho la Uwakili Liko Chini ya Kitonga

Oktoba 2022 karatasi ya matokeo ilizunguka kwenye simu za wanasheria vijana nchi nzima. Wanafunzi 633 walikuwa wamefanya mtihani wa Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ile ambayo kila mtu anaiita Law School. Waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Waliokamata sapu, yaani wa kurudia mitihani, walikuwa 342. Waliobaki, 265, walidisko, yaani waliondolewa masomoni.

Mjadala ulikuwa mkali. Wengine walivilaumu vyuo vikuu kwa kuwapitisha vijana wasioiva, wengine wakaisema Law School yenyewe kwamba inakomoa. Dk Damas Ndumbaro, wakati huo Waziri wa Katiba na Sheria, aliunda kamati ya kuchunguza, na mwenyekiti wake akawa Dk Harrison Mwakyembe, mwanasheria aliyewahi kuwa mbunge wa Kyela huku kwetu Mbeya. Katika kelele zile zote, jambo moja linalotugusa sisi wa Nyanda za Juu Kusini lilisikika kidogo mno: shule ni moja, nayo iko Dar es Salaam.

Tuseme binti amemaliza shahada ya sheria Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha au Chuo Kikuu cha Iringa, au kijana amehitimu Mzumbe, kampasi ya Mbeya. Amesoma miaka kadhaa. Kijijini wameshamwita wakili, wazazi wameshachinja. Ukweli ni kwamba hawezi kusimama mahakamani kumtetea mtu, wala kugonga mhuri kwenye hati ya kiapo. Hata nafasi nyingi za uhakimu na za mawakili wa Serikali zinapotangazwa, sharti la Law School limo. Bila mwaka mmoja wa Law School, shahada yake ni ufunguo wa mlango ambao haujatengenezewa kitasa.

Kwa hiyo wa Iringa anapanda basi alfajiri pale stendi ya Igumbilo, anateremka mlima Kitonga, anapita Mikumi na Morogoro, kilomita kama 500 hadi Dar es Salaam. Wa Mbeya anasafiri zaidi ya 800. Huko kuna ada, chumba cha kupanga, nauli za daladala, chakula, vitabu vya kutoa kopi. Bodi ya Mikopo imeanza kuwafikiria wanafunzi wa ngazi hii, na hilo ni jema. Lakini mtoto wa mkulima wa viazi wa Uporoto, ambaye ng'ombe wa nyumbani waliuzwa kumsomesha chuo, anaanza safari ya pili wakati zizi ni tupu.

Sisemi mafunzo yapunguzwe. Kwa miaka mingi mhitimu alipitia mafunzo chini ya ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, akajishikiza kwa wakili mzoefu, kisha akasailiwa na Baraza la Elimu ya Sheria. Sheria ya mwaka 2007 ilipoanzisha Law School, na masomo kuanza 2008, nia ilikuwa kuwapa wote msingi mmoja: kuandaa hati ya madai isiyotupwa kwa pingamizi la awali, kumhoji shahidi, kuhamisha miliki ya ardhi, kutunza fedha ya mteja na siri yake. Nimeona wazee wakipoteza mashamba kwa sababu karatasi iliandikwa vibaya. Wakili asiyeiva ni hatari zaidi kwa mnyonge kuliko kukosa wakili. Mtihani ubaki mgumu.

Ila kuna ugumu wa kazi na kuna ugumu wa kuifikia kazi. Sehemu ya mafunzo ni kwenda mahakamani na kwenye ofisi za mawakili, na vitu hivyo tunavyo. Mbeya kuna Mahakama Kuu, Iringa pia. Kuna mawakili waliozeeka kwenye mashauri ya ardhi ya Mbarali na ya misitu ya Mufindi. Shule gani ya vitendo itakosa la kufundisha hapa?

Na kuna lugha. Tangu 2021 sheria yetu inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Mzee wa Kihehe anayedai shamba lake anaeleza kwa Kiswahili, na hakimu anamuuliza kwa Kiswahili. Lakini mafunzo ya atakayemtetea yamejengwa juu ya Kiingereza, na mwanafunzi anaweza kuijua hoja vizuri kabisa akaangushwa na sentensi. Hili linaniuma kuliko nauli.

Kuhusu umbali, jirani ametutangulia. Uganda nayo ilikuwa na chuo kimoja cha kuwaandaa mawakili, Law Development Centre, kilichoanzishwa Kampala mwaka 1970. Kwa miongo kadhaa kila mhitimu wa sheria wa Uganda aliyetaka uwakili alipita hapo. Leo chuo hicho kina kampasi Lira, kaskazini, na nyingine Mbarara, magharibi. Haikuundwa shule mpya wala mtihani mwepesi wa watu wa mikoani. Ni chuo kilekile kilichowasogelea wanafunzi wake.

Mbarara iko kilomita zipatazo 270 kutoka Kampala. Iringa kwenda Dar es Salaam ni karibu mara mbili ya hapo, na Mbeya ni mara tatu.