Usitupe Vipima Upepo

Samaki wa Kasenyi hupandishwa Bogoro na Bunia kwa motokari, na mara nyingi mama na watoto huketi juu ya mzigo. Mpira uliopungua upepo hupata joto, ukapasuka. Kwa ajili ya hatari hiyo, motokari nyingi zilizoundwa kwa soko la Marekani tangu 2007 zina kipima upepo ndani ya kila gurudumu, penye vali. Upepo ukipungua, taa huwaka mbele ya dereva.

Basi, Baba, ukinunua rimu mpya, usikubali fundi atupe vipima vile pamoja na rimu kuukuu. Avihamishe polepole, maana chuma cha kung'olea mpira huvivunja upesi. Wako wanaoifunika taa kwa karatasi: ujinga mtupu! Betri ikifa, nunua kipima kingine. Nacho hakitambuliwi mpaka namba yake isajiliwe katika motokari.