Vitabu vya wapelelezi, safari na maajabu: jambo vilinifundisha nikiwa nimechelewa



Mwenzetu mumoja aliniuliza hivi karibuni: "Wewe mutu wa diplome, ungali unasoma tu vitabu vya polisi na vya wachawi?" Nilicheka, lakini swali lilinifuata paka nyumbani. Juu ni kweli. Vitabu vya kozi nilivisoma kwa kuogopa mitihani. Vitabu nilivyosoma usiku, na tochi ya telefone, courant ikiwa imekatika, ni hivi: vya upelelezi, vya safari za hatari, na vya dunia za maajabu. Zaidi sana vile vya mufululizo, ambamo mutu mumoja anarudi kitabu kwa kitabu.

Leo nataka kueleza vile vinafanya kazi, pale viko na faida, na pale vinakosea. Lakini nitaanza na kosa langu miye mwenyewe.

Kesi mbili ndani ya chumba kimoja

Nilikuwa G2. Tulikaa wanne ndani ya chumba kimoja cha homu, Bukavu. Siku moja nilipita Nyawera, nikaona kitabu chini, juu ya shiti ya mutu anayeuzisha vitabu vya zamani: *Le Meurtre de Roger Ackroyd*, cha Agatha Christie, cha mwaka 1926. Bei ilikuwa ndogo, nikalipa bila kukifungua vizuri. Kumbe kurasa za mwisho hazikukuwa! Kitabu kilikatika pale tu Hercule Poirot anakusanya watu wote ili awaambie ukweli.

Tulikisoma wote wanne, mumoja kisha mwengine. Kisha tukaketi juu ya vitanda sawa vile watu wa tribinali: nani alimuua Ackroyd? Hatukuchelewa. Ni Ralph Paton, mutoto wake wa kambo. Alikuwa na madeni, alipotea usiku uleule, na alama za viatu vyake zilionekana penye dirisha. Mwenzetu wa droit alisema: "Kesi imekwisha."

Mwezi uleule telefone ya mumoja wetu ilipotea. Wa ine kati yetu alikuwa ameondoka asubuhi sana kwenda kwao kijijini, bila kuaga. Ni yeye alikuwa na feza kidogo kuliko wote. Mara nyingi tulimukopesha mukate. "Njo yeye," mumoja akasema. "Njo yeye kabisa," miye nikaongeza. Hakuna mutu aliyeuliza: nani alimuona? Jioni, homu yote ilijua jina lake. Siku ya tatu alirudi, mudogo wake alikuwa mugonjwa. Akakuta sanduku lake inje, kwenye koridoo.

Juma lililofuata tulisogeza vitanda ili kutafuta kunguni. Telefone ilikuwa imeanguka kati ya mbao za kitanda na ukuta.

Nilienda kumuomba musamaha pale alipohamia. Alinipa mukono, akasema hakuna neno. Lakini tangu siku ile hakukula tena na sisi, paka tukamaliza masomo.

Kisha miaka miwili nilipata kopi ingine ya kile kitabu, iko na kurasa zote. Sitawaambia nani alimuua Ackroyd, msome wenyewe. Nitasema tu kwamba nilipofika mwisho nilibaki kimya muda murefu. Ule mwezi tulikata kesi mbili, na zote mbili bila kurasa za mwisho.

Upelelezi: mwandikaji anajua nani utamuzania

Watu wanafikiri kitabu cha upelelezi kinafundisha kukamata mwivi. Kwangu, kinafundisha kujiogopa. Angalia vile kinatengenezwa. Sheria ya muchezo ni kwamba alama zote ziwekwe mbele ya musomaji: saa, mulango, barua, neno moja lililosemwa kwa haraka. Hakuna kinachofichwa kabisa. Sasa mwandikaji anawezaje kukudanganya? Anatumia mazoea yako. Anajua kwamba utamuzania mugeni, mutu wa madeni, mutumishi, mutu asiyesalimia watu. Anakuwekea huyo mbele, na wewe unamurukia. Unapofika mwisho unaona kwamba ulihukumu uso, haukuhukumu alama.

Na juu ya nini mufululizo? Juu kitabu kimoja hakitoshi kuvunja mazoea. Kitabu cha kwanza unadanganywa. Cha tano unaanza kujiuliza. Cha kumi unasoma polepole zaidi. Mupelelezi mwenyewe unakwisha kumuzoea: njia yake ya kunywa chai, maringo yake, rafiki yake asiyeelewa kitu. Kwa hiyo macho yako yanabaki huru kwa kuangalia kesi.

Mazoea hayo yanaweza kuwa mapenzi. Arthur Conan Doyle alichoka na Sherlock Holmes, akamuua mwaka 1893 kwenye maporomoko ya maji kule Uswisi. Wasomaji walikasirika sana. Mwaka 1903 akalazimika kumurudisha muzima. Kwa jumla Holmes ana riwaya 4 na hadithi fupi 56. Poirot yeye alianza mwaka 1920 akafunga mwaka 1975, riwaya 33. Ni Mubelgiji aliyekimbilia Uingereza wakati wa Vita ya Kwanza. Sisi Wakongomani Wabelgiji tunawajua kwa njia ingine, lakini mukimbizi huyu mwenye masharubu, anayechekwa juu ya matamshi yake, niliishia kumupenda. Wale wanaopenda mutu wa pole wasome Maigret wa Georges Simenon, mutoto wa Liège: riwaya 75. Maigret hana haraka. Anaketi, anakunywa, anasikiliza, anajaribu kuelewa maisha ya mutu mbele ya kumufunga.

Lakini ule nataka sana Wakongomani wausome ni mufululizo wa Bwana Msa, wa Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Kitabu cha kwanza, *Mzimu wa Watu wa Kale*, kilipata zawadi kwenye mashindano ya 1957–1958, kikachapwa mwaka 1960. Bwana Msa ana kiko mudomoni na rafiki yake Najum, unaona kabisa kwamba Holmes na Watson walipita hapo. Tofauti iko ndani ya swali. Mutu ameuawa, na maiti inakutwa mahali watu wanapoogopa mizimu. Watu wanaangalia mizimu. Msa anatafuta mukono wa mutu. Ndugu zangu, kwetu pale mutu anakufa gafula, swali la kwanza ni gani? Si "alikuwa anaumwa nini?" Ni "nani alimufanyia?" Njo maana nasema kile kitabu kinatuhusu kuliko vya London.

Ubaya wake? Kuko mumoja mukubwa. Mupelelezi hakosei, na anafika kila mara kwa wakati. Katika maisha hakuna Poirot anayegonga mulango wa homu. Tena, kitabu kikiisha, mara nyingi hakuna anayeuliza habari za yule aliyeshitakiwa bure. Anarudi nyumbani kwake, na hadithi inafungwa. Miye najua kwamba haifungwi hivyo.

Safari za hatari: angalia nani anaokolewa

Papa alikuwa na vitabu vichache vya Bob Morane ndani ya sanduku, vya Marabout, kurasa zimekuwa za manjano. Mwandikaji ni Henri Vernes, Mubelgiji aliyekufa mwaka 2021 akiwa na miaka 102. Kitabu cha kwanza, *La Vallée infernale*, kilitoka mwaka 1953, na vilivyofuata vilipita mia mbili. Bob Morane ni rubani, ni injinia, ana miaka 33 na hazeeki, na rafiki yake Bill Ballantine ana nguvu sawa ng'ombe dume.

Nilivimeza. Sitasema uongo: Kifaransa changu cha sekondari kilitoka pale, si kwa mwalimu. Sentensi ni fupi, kila sura inaishia mutu akiwa penye hatari, unafungua ingine. Mutoto asiyependa kusoma, umupe hii mbele ya kumupa Victor Hugo.

Lakini nilipokua niliona jambo. Shujaa anatoka Ulaya, hatari inakaa kwa wengine. Adui mukubwa, Ombre Jaune, ni mutu wa Asia. Pori, mito, watu wa pale: vyote ni pambo nyuma yake. Miye nilikuwa nasoma nikiwa upande wa Bob, na ningeingia ndani ya kitabu, ningekuwa yule anayebeba mizigo.

Dawa yake niliipata ndani ya vitabu vya Willy Gamba, vya Elvis Musiba wa Tanzania, vilivyoanza na *Kufa na Kupona* mwaka 1974. Hapa mutu mweusi njo anapanda ndege, anatumwa na nchi yake, na adui ni wale wanaopinga ukombozi wa Afrika. Ndani ya *Kikosi cha Kisasi* kazi inamufikisha Kinshasa. Nakumbuka furaha ya kuona muji wetu mukuu ndani ya hadithi ya Kiswahili! Kiswahili chenyewe kilinisumbua kidogo, kuko maneno yao hatuna, lakini kisha kurasa ishirini unazoea. Hata huyu nina neno naye: Gamba anashinda kwa urahisi sana, na wanamuke mara nyingi wako pale kwa uzuri wao ao kwa kumutega. Kubadilisha rangi ya shujaa ni mwanzo tu.

Maajabu: mama na kitabu cha wachawi

Tufike penye ugomvi. Siku mama aliona *Harry Potter* juu ya meza, alikibeba na vidole viwili sawa vile panya aliyekufa. "Uchawi ndani ya nyumba yangu?"

Simucheki mama. Kwetu neno uchawi haliko neno la muchezo. Watoto wamefukuzwa nyumbani juu ya neno hilo. Katiba yetu ya 2006, article ya 41, inakataza kushitaki mutoto kwamba ni muchawi, na sheria ya 2009 ya kulinda mutoto inarudilia hivyo. Nchi haiandiki kitu kama hicho bila sababu.

Kwa hiyo sikumubishia. Nilimuelezea. Vitabu vya J. K. Rowling ni 7, toka 1997 paka 2007, na uchawi wake ni masomo: kuko darasa, mitihani, watoto wanakosa. Ni dunia ingine yenye sheria zake, na kitabu kizuri cha maajabu unakijua hapo: sheria zake hazivunjwi ili shujaa aokoke. Kisha nikamuelezea habari ya Sirius Black. Watu wote wanaamini aliua. Alifungwa miaka 12, na hakuna tribinali iliyomusikiliza. Mama akauliza: "Na hakuua?" Nikamuambia hakuua. Akanyamaza. Akasema: "Basi hiyo ni habari ya kwetu."

Kwa kumalizia amani nilimupa Narnia, vitabu 7 vya C. S. Lewis, aliyekuwa Mukristo wa kweli. Alifurahi na simba. Tolkien, yeye, nilimuanza mara mbili na mara mbili nikaishia njiani ndani ya kitabu cha kwanza, wanaomupenda watanisamehe.

Namna ya kusoma, na kazi inayobaki

Kwa mutu anayetaka kuanza, nashauri hivi. Mufululizo wa upelelezi unaweza kuuanzia popote, kila kesi iko peke yake. Wa maajabu uuanze na kitabu cha kwanza, bila hivyo utapotea. Mbele ya kununua kitabu cha chini, hesabu kurasa za mwisho! Na ukifika karibu na mwisho wa kitabu cha upelelezi, kifunge, andika jina la yule unayemuzania, na andika sababu. Kisha endelea. Utakachojifunza kitakuwa juu yako kuliko juu ya muuaji.

Kuko kazi inatungojea pia. Mukongomani Achille Ngoye aliingia ndani ya Série Noire ya Gallimard mwaka 1996 na *Agence Black Bafoussa*. Mulango uko wazi. Kati yetu kuko watu wa droit, wanganga, wanajournaliste, watu wanaojua namna kesi inatengenezwa na namna inaharibiwa. Miye natamani mupelelezi wa Kadutu, anayepanda taxi-moto, anayefika pale watu wamekwisha kukusanya matairi, na anauliza swali moja tu: nani alimuona?

Sisi wanne ndani ya kile chumba tulikuwa watu wa masomo, na swali hilo lilitushinda. Yule kijana leo ni baba wa watoto. Tunasalimiana vizuri tukikutana. Mwaka jana nilimutumia kile kitabu, kopi yenye kurasa zote. Alinijibu kwa message fupi: amekimaliza, na Paton alikuwa anamuhurumia tangu zamani.