Kireno cha nyumba iliyovurugika

MKAZI wa Nyeri au Karatina anayejifunza Kireno ana akiba asiyoifahamu. "Metha" ya Kikuyu imetokana na "meza" ya Kiswahili, nayo meza ni "mesa" ya Wareno, waliofika Mombasa mwaka 1498. Foronya ya mto nayo ni "fronha" yao. Hivyo, akitaka kusema meza ni chafu, yaani "a mesa está suja", neno moja tayari analo.

Ugumu umo katika kitenzi. Kwa maana ya "kuwa", Kireno kina "ser" kwa sifa ya kudumu na "estar" kwa hali ya kupita. "A casa está desarrumada" maana yake nyumba iko shaghalabaghala kwa sasa. Lakini anayesema "a casa é desarrumada" amedai kwamba ndivyo ilivyo siku zote, na mwenye nyumba ana haki ya kununa. Msemaji wa Kiswahili asibabaike sana, kwani "iko" na "ni" zinaikaribia tofauti hiyo.

Upatanisho pia si mgeni kwa aliyelelewa na ngeli: "casa" huwa "desarrumada", ilhali chumba, "quarto", huwa "desarrumado".

Nchini Ureno, mwenyeji aliyefikiwa na mgeni ghafla husema "não repare na desarrumação", yaani usiitazame fujo hii. Nchini Brazili fujo hiyo huitwa "bagunça". Mgeni mstaarabu hujibu "está tudo bem", hata kama amekalia nguo zisizokunjwa.