Namba Tatu Zilizokwamisha ARPANET

Je, wajua kwamba mtandao uliozaa intaneti uliwahi kukwama kwa saa kadhaa kwa sababu ya namba tatu tu: 8, 40 na 44?

Ilikuwa tarehe 27 Oktoba 1980, nchini Marekani. ARPANET, mtandao ulioanza kazi mwaka 1969 kwa fedha za Wizara ya Ulinzi, uliunganisha kompyuta za vyuo vikuu na vituo vya utafiti. Kila kituo kilikuwa na mashine iitwayo IMP, babu wa ruta za leo. Zile za kwanza zilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 400. Siku hiyo mtandao mzima ulionekana kama umekufa. Kuzima mashine moja na kuiwasha upya hakukusaidia kitu, maana ikiamka tu mashine jirani ziliishindilia takataka ile ile iliyoikwamisha.

Mtandao ulikuwa chini ya uangalizi wa kampuni ya BBN, mjini Cambridge, Massachusetts. Mafundi wake walichukua nakala za kilichokuwa ndani ya kumbukumbu za IMP kadhaa, wakakuta foleni zimefurika matangazo ya mashine moja, namba 50. Matangazo hayo yalikuwa na namba za mfuatano 8, 40, 44, kisha 8, 40, 44 tena, bila kikomo.

Kila IMP ilitakiwa kuwatangazia wenzake hali ya laini zake. Tangazo lilipewa namba ili lililo jipya lifute la zamani. Namba ziliishia 63 zikarudi 0, kama saa ambavyo ikitoka kumi na mbili huja moja. Kwa hiyo programu isingeweza kuamini kwamba namba kubwa ndiyo mpya daima. Ikawekewa kanuni: iliyo mbele kwa hatua zisizozidi 32 ndiyo mpya.

Hebu hesabu mwenyewe. Kutoka 8 hadi 40 ni hatua 32 kamili, basi 40 ni mpya. Kutoka 40 hadi 44 ni hatua 4, basi 44 ni mpya zaidi. Na kutoka 44 kuzunguka hadi 8 ni hatua 28, basi 8 ni mpya kuliko 44! Kila tangazo lilifuta lililotangulia, nalo likafutwa na lililofuata, huku kila mashine ikiamini inasambaza habari motomoto. Kazi hiyo ilikuwa na kipaumbele cha juu, hivyo kazi nyingine zikakosa nafasi, hata ile ya kuhakikisha kwamba laini ni nzima.

Lakini namba hizo tatu zilitoka wapi kwa pamoja? Ziandike kwa biti: 44 ni 101100, 40 ni 101000, na 8 ni 001000. Kila mara, 1 moja imegeuka 0. Mashine namba 29, iliyopitishiwa matangazo ya namba 50, ilikuwa na kumbukumbu mbovu iliyopoteza biti. Ujumbe ulikaguliwa ukiwa njiani kwenye laini, ila ukishatua ndani ya kumbukumbu hakuna aliyeutazama tena.

Tiba ya haraka ilikuwa kiraka cha programu kilichoziamuru IMP zote zitupe kila tangazo la namba 50. Ni tiba ya kibabe, lakini ilifanya kazi.

Eric Rosen wa BBN aliyaandika yote hayo katika ripoti ya mwaka 1981. Ukiisoma utashawishika kuitupia lawama kumbukumbu mbovu. Mimi naona mkosaji mkubwa ni kanuni ile: vifaa huharibika kila siku, na programu inayoruhusu namba tatu zipitane kwa duara ilikuwa ikisubiri siku yake tu.

Mwaka 1983 mtaalamu wa mitandao Radia Perlman alionyesha njia salama zaidi, ya namba zinazokwenda mbele tu bila kuzunguka. OSPF, utaratibu ambao ruta nyingi huutumia leo kuchagua njia, una namba za aina hiyo, za biti 32. Hata tangazo likitolewa upya kila baada ya sekunde 5, namba hizo zitadumu zaidi ya miaka 600.