Mkutubi aliyeipima Pembetatu ya Bermuda

MWAKA 1974 Mmarekani Charles Berlitz, mjukuu wa mwanzilishi wa shule maarufu za lugha, alitoa kitabu kuhusu Pembetatu ya Bermuda. Kiliuzwa mamilioni ya nakala. Kilisimulia meli na ndege zilizotoweka kati ya Florida, Bermuda na Puerto Rico, aghalabu bahari ikiwa shwari, bila kuacha hata ubao.

Siku hizo Larry Kusche alikuwa mkutubi katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona. Wanafunzi walimjia wakitaka habari za pembetatu hiyo, naye hakuwa na cha kutosha cha kuwapa. Akaanza kutafuta mwenyewe. Hakukodi meli wala hakupiga mbizi. Alishika tarehe ya kila ajali, kisha akafukua magazeti ya siku zile, ripoti za uchunguzi na taarifa za hali ya hewa.

Aliyoyakuta aliyachapisha mwaka 1975. Meli ya Kijapani Raifuku Maru, iliyopotea mwaka 1925, ilizamishwa na dhoruba. Meli ya abiria Homeric ilikwenda kuiokoa, mawimbi yakaizuia. Chombo kingine kilichodaiwa kupotea Atlantiki baada ya kuondoka bandari ya huko kilikuwa kimeondoka katika bandari yenye jina lilelile, ila ya Pasifiki. Hata Mary Celeste, inayotajwa sana katika visa hivi, ilikutwa bila watu mwaka 1872 kati ya Azores na Ureno, mbali kabisa na Bermuda.

Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha ndege tano za jeshi la majini zilizoruka kutoka Fort Lauderdale tarehe 5 Desemba 1945 zikiwa na watu 14. Kiongozi wao alipotea njia, usiku ukaingia, bahari ikachafuka, na yaelekea mafuta yakawaishia angani. Ndege iliyotumwa kuwatafuta, yenye watu 13, nayo haikurudi. Husemwa ilimezwa kimyakimya, ilhali mabaharia wa meli ya mafuta Gaines Mills waliuona moto wake.

Hadithi ilikua kwa sababu mwandishi mmoja alichukua kwa mwingine. Vincent Gaddis ndiye aliyeipa pembetatu jina hilo jaridani mwaka 1964. Waliomfuata wakaongeza chumvi, na kila nakala mpya ikawa ushahidi wa iliyotangulia.

Wahenga walisema bahari haishi zinge. Ni kweli, na ndiyo sababu waliofia humo wanastahili kusimuliwa kwa haki. Mtu aliyepambana na dhoruba hadi pumzi ya mwisho anadhulumiwa tunaposema alifia kwenye maji matulivu.

Leo visa kama hivi vinatufikia kwa simu kila asubuhi. Kabla hujasambaza kisa, uliza mambo matatu: kilitokea lini, wapi hasa, na nani aliandika siku ileile? Kisipokuwa na majibu, kiishie kwako.